Mkuki unaanzia vidoleni, siyo begani

MSIMU wa UMISSETA ukikaribia, viwanja vya shule vinabadilika. Wa mbio wanachorewa mistari ya chokaa, wa mpira wanagombania jezi, na kule pembeni kabisa, nyuma ya goli ambako nyasi hazikatwi, wanabaki vijana watatu au wanne na mkuki mmoja. Hao ndio watu wangu.

Jumamosi moja mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, yuko kidato cha tatu, alinijia nyumbani na simu mkononi. Hata kukaa hakukaa.

"Mjomba, hebu angalia hii."

Ilikuwa video ya mashindano ya wilaya. Karusha mara tatu, na mara tatu mwamuzi kanyanyua bendera nyekundu. Hakukanyaga mstari hata mara moja. Mkuki ulikwenda mbali, mmoja ulimpita hata yule aliyeshinda, lakini kila ulipokuwa unashuka ulitangulia kugusa mkia, au ulilala chali kama gogo. Na sheria ya mkuki haina huruma: kichwa cha chuma kisipogusa ardhi kabla ya sehemu nyingine yoyote, umerusha kuni.

"Nguvu ninazo mjomba, umeona mwenyewe," akasema. "Mwalimu kanipa nafasi moja ya mwisho, kuna mchujo baada ya wiki tatu. Nikikosa hapo basi, mpaka mwakani."

"Na kiwiko?" nikamuuliza.

Akanyamaza kwanza. "Kinauma kidogo. Usimwambie mama."

Hapo nikaweka kikombe chini. Enzi zangu za shule nami nilisifiwa kuwa na mkono wa nguvu. Nilikuwa naushika mkuki kama mchungaji anavyoshika fimbo, ngumi nzima imekaza, kisha naurusha kwa pembeni kama mtoto anayeangusha embe kwa jiwe. Hakuna aliyenikataza, kwa sababu hakuna aliyejua. Leo nikibeba ndoo ya lita 20 kwa mkono wa kulia, kiwiko kinanikumbusha kila kitu.

Nikairudisha video nyuma mpaka pale ambapo dogo hajaanza hata kukimbia, nikaisimamisha, nikamwonyesha mkono wake mwenyewe. Kashika mkuki kwa ngumi, umekaa msalaba kwenye kiganja kama mpini wa jembe.

"Tatizo lako liko hapa," nikamwambia. "Hujapiga hatua moja na mrusho umeshaharibika."

NGUVU INAPITIA DARAJA DOGO

Watu wengi wakimwona mrushaji mkuki wanaangalia bega na msuli wa mkono. Sawa, vinahusika, lakini mrusho mzuri unaanzia miguuni. Mrushaji anakimbia, anapishanisha miguu, anausimika mguu wa mbele kama breki, na ile kasi yote ya mbio inapanda: nyonga, kifua, bega, kiwiko, kifundo cha mkono. Kituo cha mwisho ni vidole viwili au vitatu vinavyogusa mkuki. Kwa warushaji wakubwa wa dunia mkuki unaondoka mkononi kwa kasi ya karibu kilomita 100 kwa saa au zaidi. Kasi yote hiyo inapita kwenye daraja lenye upana wa vidole. Daraja likiwa bovu, mzigo hauvuki.

Kwenye mkuki kuna kamba iliyozungushwa pale mahali unapolingana uzito. Wanafunzi wengi wanadhani kamba ile ni ya kuzuia mkono usiteleze tu. Kazi yake kubwa ni ule ukingo wake wa nyuma, upande wa kuelekea mkia. Ule ukingo ni kama ngazi. Kidole kikikaa nyuma yake kinapata mahali pa kusukumia, na mkuki wote unakwenda mbele kwa mstari mmoja, mkia ukifuata ncha.

Ukishika kwa ngumi katikati ya kamba, hakuna kidole kinachosukuma. Unabana tu. Unapofungua mkono, kila kidole kinauachia mkuki kwa wakati wake, na kiganja kinauvuta upande. Matokeo yake umeyaona mara nyingi: mkuki unapaa huku mkia unayumba kama samaki aliyetolewa majini. Ule mtikisiko unakula mita. Hewa inaupiga mkuki ubavuni badala ya kupita kando yake, ncha inakataa kushuka, na mwamuzi ananyanyua nyekundu.

MISHIKO MITATU

Duniani kuna mishiko mitatu inayofundishwa. Yote ni halali, na yote imewahi kutumiwa na warushaji wazuri. Kabla ya kuchagua, kuna msingi mmoja unaofanana kwa yote: fungua kiganja, kielekeze juu, laza mkuki humo kwa mshazari, utoke kati ya kidole gumba na cha shahada uelekee kwenye kisigino cha kiganja. Ukae kwenye bonde la mkono. Usiuweke msalaba.

Wa kwanza ni mshiko wa Kimarekani. Kidole gumba na kidole cha shahada vinakaa nyuma ya ukingo wa kamba, kila kimoja upande wake, na vidole vitatu vilivyobaki vinaizunguka kamba bila kukaza. Ndio mwepesi kuelewa, na mwanafunzi anayeanza anaushika siku hiyo hiyo. Upungufu wake ni kwamba wengi wanajisahau na kurudi kwenye ngumi, kwa sababu vidole vyote vinajikunja karibu sawa na ngumi.

Wa pili ni mshiko wa Kifini. Hapa kinachosukuma ni kidole cha kati, kikisaidiwa na gumba, vyote nyuma ya ukingo wa kamba. Kidole cha shahada kinanyooka kidogo kwenda nyuma, kimelala juu ya mti wa mkuki kama mtu anayeonyesha mkia uliko. Cha kati ndicho kidole kirefu kuliko vyote na kina nguvu, kwa hiyo kinabaki na mkuki hadi mwisho kabisa wa mrusho. Kile cha shahada kinausaidia mkuki usiyumbe na kuupa mzunguko kidogo unapoondoka. Na jina lenyewe halikuja bure. Finland imechukua dhahabu ya Olimpiki ya mkuki kwa wanaume mara saba: 1920, 1924, 1932, 1948, 1964, 1984 na 1988. Kule mkuki ni kama soka kwetu.

Wa tatu ni mshiko wa uma. Mkuki unapita kati ya kidole cha shahada na cha kati, vyote viwili vikiwa nyuma ya ukingo wa kamba kama meno ya uma, gumba limekaa kando limepumzika. Mshiko huu unakifanya kiganja kibaki kimeangalia juu na unamzuia mtu kupindisha mkono kwa pembeni. Ndiyo maana wapo makocha wanaompa yule ambaye kiwiko chake kimeanza kulalamika. Ubaya wake, mwenye vidole vifupi anaona unamtoka.

Sasa upi ni bora? Jaribu yote mitatu kwa mrusho mfupi wa kusimama, siku tofauti, kisha chagua ule ambao mkuki unaondoka kimya, bila mtikisiko. Ukishachagua, kaa nao. Kubadilisha mshiko asubuhi ya mashindano ni kama kubadilisha viatu katikati ya mechi.

Mpwa wangu alijaribu Kimarekani kwanza na baada ya mirusho mitano ngumi ilikuwa imerudi. Nikamhamishia wa Kifini. Akalalamika kwamba kidole cha kati kinauma.

"Vizuri," nikamwambia. "Maana yake leo ndio mara yake ya kwanza kufanya kazi."

USIKAZE, DOGO

Kosa la pili baada ya ngumi ni kukaza. Mtazame kijana aliyejifunza bodaboda jana: kashika usukani mpaka mishipa imemtoka, na pikipiki inayumba barabara nzima. Kisha mtazame yule aliyezoea. Mikono yake imelegea, vidole viwili juu ya breki, na chombo kinakwenda kimenyooka. Mkuki ni hivyo hivyo.

Ukikaza vidole, msuli wa mkono wote unakaza hadi begani, na mkono uliokaza hauwezi kuchapa kama mjeledi. Wakati wa kukimbia mkuki ushikwe kiasi cha kutoanguka tu. Mshiko unajikaza wenyewe pale mwisho, mkono unapovuta, kwa sababu ukingo wa kamba unakuja kukisukuma kidole. Kama baada ya mazoezi unachoka kiganja kabla ya miguu, jua unakaza.

Jasho nalo lina lake. Pwani, saa nane mchana, mkono unateleza na mtu anajibu kwa kukaza zaidi. Dawa ni kitambaa kikavu na chaki. Sheria inaruhusu kupaka kitu mkononi ili kushika vizuri. Glovu haziruhusiwi kwenye mkuki, wala kufunga vidole viwili pamoja kwa plasta.

YEGO ALITAZAMA NINI?

Kila unapozungumza mkuki na kijana wa Afrika Mashariki, jina ni moja: Julius Yego. Mtoto wa Nandi, Kenya, nchi ambayo ukitaja riadha kila mtu anafikiria mbio. Hakuwa na kocha wa mkuki. Akawa anaingia kwenye intaneti kafe, anafungua YouTube na kuwatazama Jan Železný wa Jamhuri ya Czech na Andreas Thorkildsen wa Norway wakirusha. Ndiko lilikotoka lile jina la utani la Bwana YouTube.

Mwaka 2011 akachukua dhahabu ya Michezo ya Afrika kule Maputo. Kisha akapata ufadhili wa shirikisho la riadha la dunia, akapelekwa Kuortane, Finland, kwa kocha Petteri Piironen. Olimpiki ya London 2012 akaingia fainali. Moscow 2013 akawa wa nne duniani kwa mita 85.40. Mwaka 2014 akatwaa dhahabu ya Jumuiya ya Madola Glasgow. Halafu ukaja Agosti 2015, Beijing, jaribio la tatu: mita 92.72. Bingwa wa dunia. Mwaka uliofuata akaongeza fedha ya Olimpiki ya Rio kwa mita 88.24. Na hakuishia hapo. Paris 2024, akiwa na miaka 35, alimaliza wa tano kwa mita 87.72.

Vijana wengi wanaichukua hadithi hii kwa juu juu: fungua simu, tazama, utakuwa bingwa. Mpwa wangu naye alikuwa na video zaidi ya 20 kwenye simu yake. Nikamuuliza, "Huyu hapa kashika mkuki kwa kidole gani?" Hakujua. Alikuwa anatazama mkuki unapotua, anahesabu mita, anashangilia. Mkono hajawahi kuuangalia.

Anayejifunza kwa kutazama anarudisha nyuma. Anasimamisha pale mrushaji anapoupeleka mkuki nyuma. Anaangalia kiganja kimeelekea wapi, ncha iko usawa wa jicho au imepanda, kiwiko kiko juu ya bega au kimeshuka. Anakwenda uwanjani anajaribu kitu kimoja, anarudi anatazama tena. Yego alifanya hivyo kwa kulipia dakika za kompyuta ya watu. Kijana wa leo ana simu mfukoni, na simu hiyo ina kamera. Ajirekodi mwenyewe kutoka ubavuni na kutoka nyuma, kisha aweke video yake kando ya ile ya bingwa.

KIWIKO NI MTAJI

Sasa turudi kwenye lile neno la "usimwambie mama".

Mshiko mbaya unaanza kuharibu mita, ukimaliza unahamia kwenye mwili. Aliyeshika kwa ngumi, mkuki umekaa msalaba, hawezi kuupitisha juu ya bega vizuri kwa sababu mkia unampiga kichwani au mgongoni. Bila kujua, anaanza kuupitisha kwa pembeni. Kiwiko kinashuka chini ya bega, mkono unafunguka kwa nje, na nguvu yote inaning'inia kwenye kano za upande wa ndani wa kiwiko. Mara moja siyo neno. Mara 40 kila jioni kwa miezi mitatu, zile kano zinavutika, zinavimba, na siku moja zinachanika.

Hata wakubwa yanawakuta. Neeraj Chopra wa India alifanyiwa upasuaji wa kiwiko mwaka 2019 na akakosa mashindano ya dunia ya Doha. Alirudi, na mwaka 2021 akachukua dhahabu ya Olimpiki ya Tokyo kwa mita 87.58. Lakini huyo alikuwa na madaktari, wataalamu wa viungo na nchi nzima nyuma yake. Mtoto wa shule ya kata ana barafu ya kununua kwa muuza juisi.

Kwa hiyo kanuni ya nyumbani ni hii: maumivu ya msuli kwa juu, yale ya uchovu, yanaisha kwa kulala. Maumivu ya ndani ya kiwiko, yanayochoma pale unaporusha, hayo unasimama. Siyo kupumzika mrusho mmoja. Unasimama siku kadhaa, unamwambia mwalimu, na yasipoisha unakwenda hospitali. Dogo nilimpumzisha wiki nzima kati ya zile tatu. Alinuna. Mama yake tulimwambia.

Ile wiki haikupotea. Alikuwa anashinda na mkuki sebuleni, hausogezi, anaufungulia na kuufungia vidole tu. Kiganja juu, laza kwa mshazari, kidole cha kati nyuma ya kamba, gumba, shahada inyooke. Tena. Mpaka dada yangu akauliza kama mtoto kaanza uganga.

MKUKI MMOJA, WATOTO THELATHINI

Kuna watakaosema mambo ya mishiko ni ya wenye vifaa. Wasikilize hii. Arshad Nadeem wa Pakistan, miezi michache kabla ya Olimpiki ya Paris, alisema hadharani kwamba mkuki wake wa kimataifa umechakaa kwa miaka ya kutumika na hana mwingine wa hadhi ile. Agosti 2024 akarusha mita 92.97, rekodi ya Olimpiki, akaipa nchi yake dhahabu ya kwanza ya mchezaji mmoja mmoja. Mshiko hauuzwi dukani.

Shule isiyo na mkuki inaweza kuanza na mwanzi mkavu ulionyooka. Tafuta mahali unapolingana kwa kuulaza juu ya kidole kimoja. Hapo zungushia kamba ya katani, raundi zikae sawasawa, zishikane, unene usibadilike. Kwenye mkuki halisi kamba ya wanaume ina upana wa sentimita 15 hadi 16, ya wanawake 14 hadi 15, na haitakiwi kuuzidi unene wa mti pale kwa zaidi ya milimita 8. Fuata vipimo hivyo hivyo kwenye mwanzi ili vidole vizoee. Mwanzi utamfundisha mtoto ukingo wa kamba uko wapi, na siku akikabidhiwa mkuki wa kweli hatauuliza.

Uzito nao uangaliwe. Wa wanaume ni gramu 800, wa wanawake 600. Kwa walio chini ya miaka 18, wavulana wanarusha wa gramu 700 na wasichana 500. Msichana wa kidato cha pili akipewa wa gramu 800 kwa sababu ndio uliopo stoo, ataukaza kwa ngumi. Hana namna. Mpe mwanzi, ni salama zaidi.

Tanzania siyo wageni wa mchezo huu. Zakayo Malekwa aliiwakilisha nchi kwa mkuki katika Olimpiki tatu, 1980, 1984 na 1988. Alipita hata kwenye yale mageuzi ya 1986, pale kitovu cha uzito wa mkuki wa wanaume kilipopelekwa mbele kwa sentimita 4. Sababu ilikuwa Uwe Hohn wa Ujerumani Mashariki, ambaye mwaka 1984 alirusha mita 104.80 na watu wakaanza kuogopa kwamba uwanja hautatosha. Mkuki mpya unashusha ncha mapema, na ndio maana rekodi ya dunia ya leo, mita 98.48 ya Železný ya mwaka 1996, bado haijafika pale alipofika Hohn. Lakini hata mkuki huu unaopenda kushusha ncha, ukishikwa vibaya unalala chali. Dogo alithibitisha mara tatu.

WAHISPANIA NA SABUNI

Ukitaka kujua mshiko una nguvu kiasi gani, sikiliza kisa cha 1956. Mhispania mmoja, Félix Erausquin, mtu mzima aliyekaribia miaka 50, alikuja na mtindo wa kuzunguka kama mrusha kisahani, akiuacha mkuki uteleze ndani ya kiganja kilichopakwa maji ya sabuni. Waliomfuata wakaurusha zaidi ya mita 100. Mwaka huo huo Egil Danielsen wa Norway alishinda Olimpiki ya Melbourne kwa rekodi ya dunia ya mita 85.71, yaani Wahispania walikuwa wanaiacha rekodi ya dunia mbali.

Tatizo ni kwamba mtu anayezunguka na mkuki wenye sabuni hajui utatokea upande gani. Unaweza kwenda uwanjani, unaweza kwenda jukwaani. Wakubwa wa riadha wakaufunga ule mlango haraka. Sheria ya leo inasema mkuki ushikwe kwenye kamba, kwa mkono mmoja, upitishwe juu ya bega au sehemu ya juu ya mkono unaorusha, na mrushaji asiligeuzie mgongo eneo la kurushia mpaka mkuki uwe umeshaondoka. Kwa hiyo ule mtindo wangu wa kuangusha embe, hata ungenipeleka mbali, mwamuzi anayejua kazi angeukataa.

KAZI YA DAKIKA ISHIRINI

Hii ndiyo ratiba niliyompa mpwa wangu kiwiko kilipotulia. Mwalimu yeyote anaweza kuitumia na kundi lake.

Kwanza, usalama. Wote nyuma ya anayerusha. Hakuna anayekwenda kuokota mpaka wote wamemaliza, na watu wanakwenda kwa kutembea. Mkuki uliochomeka unaufikia kwa ubavuni, siyo kwa kuukimbilia mkia. Ukiubeba, ncha iangalie chini. Mkuki ulikuwa silaha kabla haujawa mchezo.

Pili, kuchoma ardhi. Simama mita 5 kutoka kwenye alama, unaweza kutumia jani au kifuniko cha chupa kubwa. Mkuki juu ya bega, kiganja juu, ncha imeelekea alama. Urushe taratibu uchomeke. Usitumie nguvu. Angalia mkia: ukisimama ardhini kwenye mstari ule ule uliotoka mkononi, mshiko ni mzuri. Ukiinama kushoto au kulia, kiganja kimegeuka au gumba linabana. Rudia mara 10, kisha sogea mita 10.

Tatu, mrusho wa kusimama. Mguu wa kushoto mbele kwa anayetumia mkono wa kulia, mkono umenyooka nyuma, kiganja bado kimeangalia juu, ncha karibu na nyusi. Vuta kiwiko kipite juu, karibu na sikio. Lenga nyuzi 30 na kitu, usiupeleke mawinguni. Mirusho 8 inatosha.

Nne, hatua tatu. Kushoto, kulia, kushoto, rusha. Hapa ndipo ngumi inapotaka kurudi, kwa sababu mtu akisikia mbio anakaza. Mwenzako asimame pembeni na kazi yake iwe moja tu: kuangalia vidole. Akiona ngumi, apige kelele.

Tano, jirekodi mirusho miwili ya mwisho, itazame nyumbani.

Mbio ndefu zisubiri. Mtu asiyeweza kuchomeka mkuki mita 10 mbele yake akiwa amesimama, mbio za mita 30 zitamsaidia kukosea kwa kasi zaidi.

JIONI YA MWISHO

Siku moja kabla ya mchujo nilikwenda shuleni kwao. Jua linazama, wa mpira wamekwishaondoka, kule nyuma ya goli wamebaki yeye, wenzake wawili na ule mkuki wa shule wenye kamba iliyochakaa. Kifuniko cha chupa kilikuwa mita 10 mbele. Akasimama, akafungua kiganja, akakiangalia, akafunga kidole kimoja kimoja. Mkuki ukaondoka bila kelele, ukachomeka kando ya kifuniko, mkia umenyooka kuelekea kwetu.

Kisha akarudi hatua chache, akafanya mbio fupi, akarusha wa nguvu. Mkuki ulipaa kimya, ukageuza ncha taratibu, ukachomeka mbali kule ambako nyasi zinaanza kuwa ndefu. Haukufika pale zilipofika zile nyekundu tatu za wilaya. Ulikuwa pungufu kwa hatua kama nne. Lakini huu ulikuwa umesimama, na tepu ingeweza kuupima.

Akatembea kuufuata kwa ubavuni, kama nilivyomwambia. Aliporudi, ncha chini, nikamuuliza lile swali langu.

"Kiwiko?"

Akaukunja mkono, akaunyoosha, akaukunja tena.

"Leo kimya, mjomba," akasema. "Ila hiki kidole cha kati, mh!"